Ramani ya Babu barazani

Safina, upo? Nimetoka baraza la kata sasa hivi, nimejificha nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.

Unaikumbuka ile ramani ya Babu, ya kwenye fremu pale sebuleni Mkula? Aliyoachiwa na yule padri mzungu? Baba mdogo Nikodemu kaibeba leo iwe ushahidi wa kesi ya mpaka wa shamba. Kaifunga na khanga ya mama!

Akasimama, akaweka kidole: "Huu ndio mto wetu. Shamba letu linaishia hapa."

Mzee Evod, jirani tunayegombana naye, akaja juu: "Mwongo! Hapo unapogusa ndipo alipozikwa babu yangu!" Akashika Biblia akaapa. Safina, AKAAPA.

Afisa ardhi akavaa miwani, akainama, akaisoma. Halafu: "Shikamooni tena, wazee wangu. Hii ni Jamaika."

JAMAIKA!! Kisiwa! Ramani ya enzi za mkoloni wa huko, eti ni adimu sana. Na ule mto wetu ni bahari.

Mimi ndiye shahidi namba mbili. Nilishasema naujua huo mto, huwa nafulia hapo.

Wazee wakatoka, nikajua watapigana. Wapi! Wamekaa benchi moja, ramani magotini, wananong'ona.

Mungu wangu, wameniona.

Baba mdogo anaita: "Restuta, uliza kwenye simu yako, huko Jamaika mpunga unastawi?"

Na mzee Evod: "Uliza na kaburi la babu yangu analipalilia nani."