Chukudu ya mu Telefone

Siku ya pili, 5/8/2025
Bwana wangu Barthélemy iko na miaka makumi tano na mbili, na sasa anacheza. Mupwa wake alimuwekea jeu, muchezo ya mu telefone: unajenga masini ya mbao na magurudumu, unaijaribu ku mulima. Ikivunjika, unagusa tu, inarudi nzima. Leo amejenga chukudu, baisikeli yetu ya mbao, lakini ya magurudumu sita. Imepinduka mara kumi na moja. Ng'ombe wanalia, yeye ananiambia, "Mama, ngoja kidogo, breki njo iko mubaya." Breki gani? Kitu hata harufu ya mbao haina.

Siku ya tatu, 6/8
Rozari imemukuta angali ku telefone. Mungu unisamehe, katikati ya Salamu Maria nilimuita mujinga mu roho.
Siku ya posho, tarehe 9, binti yetu Isimbi anaolewa kule chini, ku kanisa ya paruasi. Maziwa ya arusi ni bidon ine, zetu na za majirani. Arusi bila maziwa, kwetu wafugaji, ni haya ya mwaka muzima. Watu wanabebaka ku kichwa. Barthélemy amekataa. Atatelemusha zote mara moja, ku chukudu ya kweli, kama ile ya telefone.

Siku ya tano, 8/8
Amemaliza chukudu yake. Magurudumu ine, na kiti. Jirani Sebarenzi akaizunguka, akauliza, "Papa Isimbi, hii wanaikamulia upande gani?" Tulicheka mpaka machozi. Barthélemy hapana.
Nikamuambia: mu telefone unapakia masanduku. Sanduku inatulia. Maziwa, kama bidon haikujaa, inayumba, inasukuma — njo maana tunajaza mpaka ku shingo. Akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Mpaka mwaka ya ine ya primaire, Papa. Na miaka makumi tatu nabeba maziwa, sijamwaga.

Siku ya posho, 9/8, asubui
Jirani Murekatete ameleta bidon yake, imejaa nusu tu. Ng'ombe wake anagonjwa. Nimeongeza maziwa yetu ya nyumba, kimya kimya. Bado haifike ku shingo.
Barthélemy amekaa juu ya kitu yake, na suti. Jiwe ya kuizuia iko mbele ya gurudumu. Sebarenzi amekataa kuitosha, kuiondoa pale. Vijana pia. "Mama Isimbi, kuya, wewe njo utatosha jiwe!" Nimesema nasali kwanza. Niko naandika.
Isimbi ameingia na shela yake, macho mekundu. Anasema: Papa ataisukuma jiwe na muguu.
Naenda. Bidon ya Murekatete nitaibeba mwenyewe ku kichwa. Barthélemy akikataa, nitapanda nyuma yake, niishike na mikono mbili. Anaita tena —