Mume Wangu Aliponiamkia

Jumanne usiku

Mume wangu amelala na sasa anapumua vizuri.

Mchana nilirudi kutoka soko la mtaa wa Ng'ambo nikamkuta ameketi sebuleni, shati limelowa jasho. Akanitazama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Nikacheka. Yeye hakucheka, ila uso ulimng'aa kama wa mtoto. "Mbona baba umemwacha nje? Mkaribishe."

Baba yake tulimzika kijijini kwao Bukene kabla hatujapata mtoto hata mmoja. Nikageuka kutazama mlangoni. Sijui nilitegemea kumwona nani.

Ndipo nikaona chakula nilichomfunikia mezani, hajakigusa. Alikuwa amejichoma sindano yake ya insulini bila kula! Nesi alishatuonya: sukari ikishuka sana, mtu huanza kuweweseka. Nikakoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha kidogo kidogo. "Kunywa, mwanangu," nikamwambia, maana alidhani mimi ni mama yake.

Baadaye akaniita kwa jina langu. "Kwani daktari si alikataza sukari?"

Namshukuru Mungu. Lakini uso ule haunitoki. Alipodhani yuko na wazazi wake alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona, na mimi ndiye niliyemtoa huko.