Kushuka Mtoni

Salma mjukuu wangu,

Shikamoo yako kutoka Maskati imenifikia, marahaba. Goti la bibi yako limetulia, na paka wako kazaa tena kabatini.

Umeniuliza kwa nini, baada ya kustaafu ualimu, naandika magazetini habari za magari ya zamani, na mimi mwenyewe kuendesha sijui.

Baba yangu alikuwa dereva wa teksi. Nlipokuwa nasomea ualimu alinipeleka chuoni kila asubuhi, nami nikimwomba anishushe Mtoni, nimalizie kwa miguu. Nlimwambia napenda kutembea. Kweli yake, nliona haya wenzangu wamjue.

Siku ya kupokea cheti aliliosha gari mpaka likang'ara, akavaa kanzu na kofia yake ya Idi. Njiani nlishaamua: leo tunafika sote. Tulipokaribia Mtoni, kabla sijafungua mdomo, akasimamisha gari.

"Shuka, mwalimu," akanambia. "Usije ukachelewa."

Nikashuka.

Sasa kila gari nnaloliandika naanza na jina la dereva wake. La baba bado sijaliandika.

Babu yako