Wakiita "Mama Nyanjura"

Mufindi,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Debora,

Shikamoo dada. Mama anaendeleaje huko Nyamuswa, miguu imeacha kumvimba? Shemeji je, na Neema amesharudi shule? Mimi nipo, nakula, ila baridi ya huku kwenye mashamba ya chai imenipa kikohozi, maana tunaingia shambani ukungu bado umelala na nguo zinalowa mpaka ndani. Barua hii nimempa mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa Nyasura, anayekuja likizo. Ataiacha kwa yule mama muuza vitenge pale stendi ya Bunda, naye atakuletea hapo Musoma akija kuchukua mzigo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu siku hizi hatumalizi dakika tano bila kugombana, na anayeanza ni mimi.

Dada, nina wivu. Nimesema. Nina wivu na wewe mpaka chakula hakishuki.

Ile video uliyonitumia nimeitazama mara moja tu, tena sikuimaliza. Nyanjura wangu anakushika mkono, anakuvuta mpaka kwenye chupa ya chai, anauweka mkono wako juu ya kifuniko ili umfungulie. Hakutazami usoni, anatazama chupa. Wewe unacheka, unasema, "Muone huyu, Ester! Mkono wangu ananitumiaga kama kijiko!" Wasichana ninaolala nao chumba kimoja walicheka. Mimi nilitoka nje nikaanza kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Krismasi nilikaa kwako Kamunyonge wiki mbili nzima. Mtoto wangu, miaka mitano, alinipita kama anavyopita kiti. Hakunishika hata kidole. Nimembeba miezi tisa, nimemnyonyesha, nimemzika baba yake nikiwa naye mgongoni, halafu mkono anaouchagua ni wako! Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na wewe najua utanijibu kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Usinijibu, ninalijua.

Sasa niseme la siku ile ya kliniki, maana ndilo lililonikalisha chini. Ulinipigia ukiwa kwenye korido, nasikia watoto wanalia. Ukasema, "Ester, daktari anauliza maneno ya kwanza alisemaga lini, na kama alikuwaga anaonyesha vitu kwa kidole. Nimwambieje?" Kabla sijajibu nikasikia nesi anaita, "Mama Nyanjura!" Nawe ukaitika "Abee" bila kusita hata kidogo. Nikakuambia, "Si wewe ndiye mama? Mjibu mwenyewe." Nikakata simu, nikaizima, nikaendelea kuchuma.

Ukajibu ulivyoweza. Ukampa daktari miezi ambayo Neema wako alianza kusema, kwa kuwa ndiyo unayoikumbuka. Na alipouliza kama mtoto anageuka akiitwa, ukamwambia, "Tulimbadilishaga jina, ndiyo limemchanganya." Sikulaumu hata kidogo. Ni kweli wakwe zangu Butiama walisema haitikii kwa sababu Nyanjura si jina lake, kwamba bibi mzaa babu ndiye anayetaka kuitwa. Kuku akachinjwa, mtoto akaitwa Nyabweke, jina la bibi huyo, na wote tukasubiri ageuke. Hakugeuka. Nilipokuachia mtoto nikaja kazini huku, ukamrudishia Nyanjura, nalo hakuligeukia.

Ulinieleza kwamba daktari alimtazama akicheza sakafuni, akamwita, akamchezesha mpira, akaandika, kisha akasema maelezo yako hayafanani na anachokiona. Akataka masikio yapimwe kwanza, nashukuru yamepimwa na ni mazima. Akasema usonji anaoushuku hauonekani kwenye damu wala kwenye picha, unajulikana kwa kumtazama mtoto na kwa kumsikiliza mtu aliyemuona akikua tangu mchanga. Dada, uliponisimulia hayo nilifurahi, na furaha yenyewe haikuwa nzuri. Nilijiambia, kumbe kuna kitu hawawezi kukipata kwa Debora. Nikakaa nacho wiki tatu, huku mwalimu wa darasa la awali anasubiri karatasi ya daktari ili ajue amfundishe vipi. Nilimnyima mwanangu ili nikunyime wewe. Nisamehe.

Jumatano ya wiki ijayo, si hii, mnarudi kliniki. Mpe daktari haya, usiongeze wala usipunguze.

Alizaliwa Butiama, alilia palepale. Alitembea akiwa na mwaka na mwezi mmoja. Alikuwa na maneno matatu: "maji", "nyau" na "baba". Alipokaribia mwaka na nusu maneno yakapungua, likaisha moja, likaisha lingine, mpaka "maji" nalo likaondoka. Watu walisema ni huzuni ya msiba, lakini baba yake alikuwa hai bado, alifariki miezi mingi baadaye. Hakuwahi kuonyesha kitu kwa kidole, wala ndege, wala ng'ombe, wala mwezi. Hakunipungia mkono nikienda kisimani.

Kuhusu jina, mwambie hivi. Muda mrefu kabla ya yule kuku, nilikuwa nasimama nyuma yake nikimwita kwa sauti, mara tano, mara sita, hageuki. Lakini nikifunua sufuria chumba cha pili alikuwa anakuja mbio. Kwa hiyo nilijua anasikia, na nilijua si jina. Nilikubali libadilishwe kwa sababu nilitamani liwe jina. Sikumwambia mtu.

Mwambie pia habari za dagaa. Ukimwaga dagaa wa kuchambua, alikuwa anatoa furu wote, wale samaki wadogo wanaochanganyika na dagaa, anawapanga mstari, mkubwa mpaka mdogo, vichwa upande mmoja. Ukimgusia mmoja analia mpaka anatapika. Nilimchapa kwa hilo, dada. Nilidhani ni kiburi. Muulize daktari kama kumchapa kulimharibu, na ukweli wowote atakaousema, niambie.

Kimebaki kitu kimoja, nacho nilikuficha kwa makusudi. Unalalamika kwamba mashine ya kusaga ikiwashwa, mkiwa kwa Mama kule Nyamuswa, anapiga kelele na kujigonga kichwa, na hujui ufanye nini. Mimi najua. Kaa chini nyuma yake, mfunge kanga kifuani mara mbili, ibane. Kisha mkandamize mabega kwa viganja, kwa nguvu kuliko unavyodhani, na usiseme neno. Ukisema tu inaharibika. Baada ya muda atashusha pumzi ndefu moja, nawe utaisikia kwenye viganja vyako. Nilikificha ili siku nikirudi kiwe changu peke yangu, nimtulize mbele yako. Chukua.

Nisalimie Mama, mwambie soksi alizoniagiza za miguu yake nitaleta mwenyewe. Msalimie shemeji, aliyemtengenezea mtoto lile sanduku la kupangia vifuniko vya soda. Neema mwambie mama yake mdogo anamshukuru kwa kumlinda mwenzake watoto wa mtaani wakimcheka. Na mama mkwe wangu wa Butiama ukimuona kanisani, mwambie sina kinyongo na lile jina, alimtafutia mjukuu wake njia kwa njia anayoijua.

Jumatano wakiita "Mama Nyanjura", simama uitike, wala usinipigie kuniuliza. Wivu utanishika huku huku, nitauzoea. Ila ukishakaa mbele ya daktari, mpe karatasi hizi mkononi, umwambie zimeandikwa na aliyemzaa.

Na Nyanjura akikuvuta tena mkono, nirekodie. Safari hii nitatazama mpaka mwisho.

Mdogo wako,
Ester