Kipimo cha Soda

Baba watoto,

Salamu nyingi. Cherehani imeshatengenezwa, na sare mpya ya binti yetu nimeimaliza.

Jumatatu, asubuhi ya mtihani, alilalamika tumbo. Nikatumia kipimo chako: mpe soda, akiinywa anadanganya. Akainywa yote, nikamfukuza aende shule. Jumatano akaacha kulalamika, nikasema amekoma ujanja. Nilipomwogesha nikakuta tumbo gumu kama ubao. Ndipo nikambeba mbio hospitali. Daktari akasema kidole tumbo kimeshapasuka.

Wakimpeleka kupasuliwa alininong'oneza, "Mama, ile soda nilijikaza tu nikainywa, ili usiniite mwongo."

Wewe sikulaumu. Chupa niliifungua mimi.

Njoo tumzike. Sare imemkaa vizuri.

Mkeo