Chokaa kwenye Mikaratusi ya Papa

Mpendwa Papa, baba yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Ile miti, ni minye, mimi mwanao, niliipaka chokaa.

Najua unajua. Uliziona kucha zangu zenye chokaa siku ile. Lakini sijawahi kulitamka, na mdomo wangu unaufahamu: hata mwalimu akiniita, jibu hutoka kama kikohozi. Basi nalisema kwa kalamu.

Unakumbuka mikebe miwili ya tomate, ile ya nyanya? Tulikuwa tumefundishwa neno la Kifaransa, albédo: kitu cheupe hurudisha mwanga wa jua, kitu cheusi huumeza. Nikapaka mkebe mmoja masizi, mwingine chokaa, nikatia maji, nikaiweka juani nyuma ya jikoni. Ulichovya kidole kwenye ule mweusi ukasema, "Aa, iko moto kweli." Nikakuonyesha mlima wetu. Jua likitoka upande wa Bujumbura, majani yake makavu yalikuwa yanang'aa, karibu meupe. Na weye ulikuwa unapanda mikaratusi pale, miti yenye giza. Nikakuambia msitu wako utameza jua, Uvira itapikwa.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mutoto wangu, weye na ile Kifaransa yako mutanipeleka mu tribinali, mbele ya jaji." Kisha tukapanda mlima, saa sita kamili ya mchana, ukanisimamisha chini ya ile mikaratusi mikubwa.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Inakunywa maji huku chini, inayapumua huko juu. Sasa inaleta moto ao inaleta baridi?"

"Yote mbili."

"Basi ngoja mwalimu amalize somo."

Juma lililofuata vita vilifunga masomo, somo likabaki nusu. Sikungoja. Nilichukua chokaa yako, ile unayopaka chini kabisa ya shina kuzuia mchwa, nikapaka miti yote ya kando ya njia, mpaka mkono wangu ulipofika. Nilitaka kulirudishia jua sehemu yake, kidogo tu.

Wenye bunduki walipoingia, waliona mstari mweupe unapanda mlima. Mkubwa wao akatukusanya.

"Hii ni alama ya kuita adui. Nani alipaka?"

"Ni minye," ukasema. "Ni dawa ya mchwa."

"Mchwa gani wanapanda mpaka hapo?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Minye nilificha mikono ndani ya kitenge cha Mama. Wakakuambia utangulie mlimani, uwaonyeshe huyo adui unayemwita. Jumapili tatu zimepita, hujarudi.

Mama anakugombeza kama vile uko hapa: "Huyu mwanaume na miti yake." Nami nakula sombe, yale majani ya muhogo. Jana alirudi na kuni kutoka mlimani, akashika kiganja changu, akakitazama sana, akakiachia. Kwenye mti wa saba nilijishikiza chokaa ikiwa bado mbichi. Vidole vyangu vyote vitano viko pale. Kama yeye ameviona, nao wenye bunduki wataviona.

Naogopa, Papa. Naogopa mvua isiponyesha. Naogopa na ikinyesha, maana itafuta kitu pekee kinachoonyesha kwamba si weye. Leo nilitoka kwenda kumwambia yule mkubwa wao. Nilifika kwenye bomba la maji, nikarudi.

Kule juu mikaratusi bado inapumua. Upepo ukishuka unaleta ile baridi yako mpaka dirishani. Ningekuamini, huenda ungekuwa hapa unanicheka.

Subiri. Kuna miguu uani. Mama huvaa kandambili, zinapiga kisigino. Hizi si kandambili. Ni buti, zinakuja polepole.

Weye pia ulivaa buti siku ile walipokuchukua.

Nakunja karatasi, naiingiza kwenye ule mkebe mweupe. Mikono siifichi tena. Yeyote atakayefungua mlango ataikuta wazi.

Ni minye, mwanao wa chokaa.