Moshi Niliapa, Mvuke Sikuutaja

Bi Sundus mpendwa, naomba msaada wako, na naomba majina niliyoyaandika humu uyachukue hivyo hivyo, maana nimeyabadilisha, ingawa Amu, mnayoiita Lamu, ni mji mdogo na watakaonijua watanijua kwa upumbavu.

Mimi ni fundi wa kanzu, umri wangu umeshapita hamsini, na sigara nilianza kuvuta kabla ya ndevu kuota, mpaka mwaka juzi alipokufa ndugu yangu kwa ugonjwa wa mapafu, naye alikuwa mvutaji kama mimi, tukatoka kumzika, na mimi mchanga wa kaburi ukiwa bado kwenye kucha nikaenda zangu pwani nikawasha sigara, habari ikamfikia mke wangu Zakiya kabla sijaimaliza, na nilipoingia nyumbani nikamkuta analia kilio ambacho hata marehemu hakukipata, basi kwa uchungu, na kwa kujionyesha mbele ya shemeji yangu Bakr, nikasema, "Wallahi, nikitia moshi mdomoni tena, Zakiya si mke wangu!" Bakr akanitazama akasema, "Shemeji, si ungesema tu utafunga siku tatu?" Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na ujue, Bi Sundus, talaka mbili nimeshazitumia huko nyuma, moja kwa ugomvi wa maana na moja kwa sababu ya chumvi kwenye wali, zote nikamrejea, kwa hiyo imebaki moja, na hiyo ikitoka hakuna kurejeana, nabeba mkoba wangu natoka, kwa kuwa nyumba ni yake, alijengewa na babake kama wanavyojengewa mabinti wa Amu, na mimi humo ni mgeni aliyekaa sana.

Miezi ya mwanzo nilitafuna iliki, nikagombana na wateja, nikamkatia bwana harusi kanzu iliyomfika magotini, ndipo rafiki yangu Obeid, anayeleta bidhaa kutoka Mombasa, akaniletea sigara ya umeme, hii vijana wanayoiita veipu, akaniambia, "Angalia, haina moto, haina majivu. Moshi hutoka kwenye moto, bwana. Huu ni mvuke." Na wewe unajua mvuke kwetu ni nini, mtu akishikwa na homa hufunikwa blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini akajifukiza mpaka jasho likamtoka akainuka mzima, basi nikajiambia, moshi niliapa, mvuke sikuutaja, nikaipeleka nyumbani mchana kweupe nikamwambia Zakiya, "Hii ni dawa ya kifua, ya mvuke," naye akainusa ikanuka nanasi, akasema, "Alhamdulillahi."

Tangu siku hiyo anayeichaji ni yeye, kando ya simu yake, na asubuhi huniuliza, "Ushavuta dawa yako?" nami navuta, maana sigara ilikuwa na mwisho wake, ikifika kidoleni inakuunguza unaitupa, tena ilinilazimu nitoke nde ya nyumba, lakini hiki hakina mwisho, kiko juu ya cherehani dukani na kiko chini ya mto, navuta nikitunga uzi, navuta nikingoja chai ipoe, na stima ikipotea naanza kutetemeka mikono kama mgonjwa. Kikohozi cha asubuhi kimepungua, hilo sitalikana, ila moyo hunipiga kama mtu anayegonga mlango wa choo, nikaenda kliniki, nesi mmoja wa bara, Nerea, akaniuliza mawili matatu akasema, "Mzee, wewe hujaacha. Umehama nyumba, mwenye nyumba ni yule yule, nikotini." Nikarudi nikaendelea kuvuta.

Sasa sikiliza msiba wenyewe. Mkwe wangu Bi Kadija anakaa chumba cha chini, ana pumu, na juzi ile pampu yake ya kuvutia dawa ilimwishia, Zakiya akakimbilia yangu akamtia mdomoni akimwambia, "Vuta mama, na hii pia ni ya kifua." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alivuta mara moja, akakohoa mpaka mato yakamtoka machozi na midomo ikageuka rangi, na Zakiya anampigapiga mgongo kwa furaha, "Kohoa mama, kohoa, dawa imeshika hiyo, makohozi yanakatika!" Mimi nikafungua mdomo niseme, nikauona kwa mawazo mkoba wangu uko nde ya mlango, nikasema, "Labda asivute kwa nguvu." Hayo tu. Na sasa Zakiya amemwagiza Obeid amletee mama ya kwake mwenyewe, yenye ladha ya mnanaa, naye yuko Mombasa, atarudi wakati wowote.

Nikinyamaza nitamuua mkwe wangu. Nikisema kwamba hii si dawa, Zakiya ataniuliza, "Basi umekuwa ukivuta nini?" nami siyui la kumjibu, wala siyui kama mwaka mzima huu nimelala na mke wangu au na mwanamke asiye halali yangu. Na nikiitupa, najijua, kabla ya Magharibi nitakuwa na sigara mkononi. Kila ndia imezibwa, Bi Sundus. Nifanyeje?

Fundi, Amu

*

Fundi,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, shuka kwa Bi Kadija, useme mbele yake na mbele ya bintiye: "Hii si dawa. Ina nikotini. Asiiguse tena." Ukishasema, rudi usome.

"Labda asivute kwa nguvu"! Bwana, barua za waoga nimezisoma nyingi, nyingine zimeandikwa vizuri kuliko yako, lakini sijakutana na mtu aliyetazama mama mzee anakosa pumzi akaanza kutoa mafunzo ya uvutaji.

Pole, hata hivyo. Ulimzika ndugu yako, na tangu ulipoapa hukurudia sigara. Hilo silidharau.

Obeid alikuambia nusu ya kweli, na nusu ya pili ameuza. Sigara inachoma tumbaku, na katika kuungua huko mna lami inayoganda mapafuni na gesi inayoinyima damu hewa. Ndiyo iliyomzika nduguyo. Veipu haichomi, inapasha moto maji yenye kemikali, kwa hiyo mvutaji aliyeacha sigara kabisa akahamia huko anavuta sumu chache kuliko zamani. Kikohozi chako kimepungua kwa sababu hiyo. Lakini usiipime kwa sigara tu, kwa maana kando ya sigara karibu kila kitu ni malaika. Ipime kwa hewa. Inakera njia za pumzi, inapandisha mapigo ya moyo na presha, na itakayoyafanya baada ya miaka arubaini hakuna anayeyajua, wala Obeid. Na wewe usiyetoka nde tena kuvuta, huenda nikotini unayoipata leo inaishinda ya zamani.

Bi Kadija hakuwahi kuvuta sigara. Hakuna alichohama. Kwake ni hasara tupu, na kwa mwenye pumu ni hatari. Kikohozi kile si dawa iliyoshika, ni kifua kilichokuwa kikifunga. Apelekwe kliniki leo, apate pampu yake, na asijaribiwe kwa mvuke wowote, hata wa mwarobaini.

Wewe usirudie sigara ili kutubu. Rudi kwa huyo nesi umwambie yote, akupangie kupunguza nikotini kidogo kidogo, akueleze kama utapata bandiko la ngozini au ubani wa kutafuna wenye nikotini. Kitu hicho kitoke chini ya mto na juu ya cherehani. Ukitaka kuvuta, toka nde, kwenye jua.

Kuhusu kiapo, mimi si kadhi. Nenda kwa kadhi pamoja na Bakr aliyekusikia, utamke maneno yale yale, na uliyoyakusudia moyoni siku ile, si uliyoyagundua baada ya kununua veipu. Zakiya ajue kutoka kwako kabla hujaenda. Mpaka upate jibu, lala dukani kwako.

Sitakudanganya: huenda ukatoka huko huna mke. Barua yako imechelewa kunifikia, na namba uliyoiacha nimeipiga haishiki, sijui kama Obeid ameshafika. Ila ukinyamaza, atakayemtilia Bi Kadija kile kitu mdomoni ni Zakiya, kwa mkono wake, akimbembeleza, na hilo ndilo utakalokuwa umemfanyia mke unayeogopa kumpoteza. Mwanamume aliyeachika hupanga chumba. Binti aliyemuua mamake akidhani anamtibu, atahamia wapi?

Nenda ukaseme.